Kutoka Vigingi vya Pembe hadi Skrubu za Magnesi: Historia ya Vifaa Vinavyoyeyuka Mfupani

Lugoba ni mji mdogo kwenye barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, katika Mkoa wa Pwani. Mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha hupita hapo, malori ya kokoto hutoka kwenye machimbo yake ya mawe, na bodaboda hujipenyeza katikati yao. Mahali kama hapo kuvunjika mfupa si habari ngeni. Mtoto huanguka mwembeni, kijana hugongwa barabarani, na safari ya matibabu huanzia kituo cha afya, hupitia hospitali ya Msoga au ya Tumbi kule Kibaha, na kwa walioumia sana huishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani. Wengi hurudi wakiwa na vyuma mwilini, na nyumbani huzuka swali: vyuma hivi vitatolewa lini, na nauli ya kurudi Dar es Salaam pamoja na gharama za upasuaji wa pili zitatoka wapi?

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko hospitali zote tulizozitaja. Kwa zaidi ya karne moja na nusu wapasuaji wametafuta kifaa kitakachoushika mfupa hadi uunge, kisha kiondoke chenyewe bila kisu. Habari za utafutaji huo husimuliwa kwa kawaida kuwa ni mambo ya Ulaya na Marekani, lakini sura yake ya kwanza inaugusa mwambao wa Bagamoyo, kwa sababu miongoni mwa vitu vya kwanza vilivyoonekana waziwazi kuliwa na mfupa wa binadamu aliye hai ni pembe ya ndovu.

Kabla ya kueleza vifaa, ni lazima tuueleze mfupa wenyewe, maana makosa mengi ya historia hii yalitokana na kuuona mfupa kuwa kitu kikavu kisicho na uhai. Mfupa una mishipa ya damu na neva, na ndani yake zimo seli zinazojenga na seli zinazobomoa, ambazo hufanya kazi maisha yote. Kwa mtu mzima, karibu sehemu moja ya kumi ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Mfupa unapovunjika, damu huganda palipovunjika, kisha huota tishu laini na gegedu, na baada yake mfupa mpya ambao bado haujapangika vizuri. Mwisho huja kazi ndefu ya kusawazisha, ambapo seli bomoaji hula kilichozidi na seli jengaji huimarisha mahali panapobeba uzito. Mkono wa mtoto unaweza kushika kwa wiki tatu au nne. Muundi wa mtu mzima huhitaji miezi mitatu, minne au zaidi, na kusawazishwa kwake huchukua hata miaka.

Kutokana na hayo, kifaa kinachokusudiwa kuyeyuka kinakabiliwa na sharti gumu. Kisiishiwe nguvu kabla mfupa haujashika, wala kisikawie kiasi cha kuwa mzigo kwa mwili ambao haukihitaji tena. Kasi ya kifaa kuoza lazima ilingane na kasi ya mfupa kuunga, na karibu kila ushindi na kila aibu tutakayoieleza hapa ilitokana na kulingana au kutolingana kwa kasi hizo mbili.

Mwaka 1846 mpasuaji wa Berlin, Johann Friedrich Dieffenbach, alichapisha njia yake ya kutibu mifupa iliyokataa kuunga. Alitoboa ncha mbili za mfupa na kupigilia vigingi vya pembe ya ndovu. Shabaha yake kuu haikuwa kuushika mfupa kwa vigingi hivyo. Alitaka kuuchokoza ili uanze upya kazi ya kuunga. Baada ya muda vigingi vilivutwa nje, na waliotumia njia hiyo wakaona jambo ambalo hawakulitarajia: sehemu iliyokuwa ndani ya mfupa ilikuwa imeparuzika na kujaa vishimo, na nyakati nyingine ilikuwa imekonda. Sehemu iliyobaki nje ilikuwa laini vilevile.

Kwa nini pembe? Sababu ni za kawaida kabisa. Pembe ni ngumu lakini huchongeka, haipati kutu, na mafundi wa kuichonga walikuwa wengi katika miji ya Ulaya, kwa kuwa ilitumika kutengeneza vitufe vya piano, mipira ya biliadi na vishikio vya visu. Nayo ilipatikana sokoni kwa wingi uliozidi kukua kadiri karne ile ilivyosonga mbele. Hapo ndipo tunapoingia kwenye habari za nyumbani. Misafara iliyoshuka kutoka Ujiji na Tabora ilipita Ugogo na Usagara, ikakatiza Ukwere, nchi ya Wakwere ambamo Lugoba imo, na kufikia Bagamoyo. Kutoka huko majahazi yalivusha pembe hadi Unguja, na Unguja ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa ya pembe duniani. Kampuni za Hamburg hazikuwa mbali na biashara hiyo: O'Swald ilikuwa na ofisi Unguja tangu katikati ya karne, na H. A. Meyer, kampuni iliyojulikana kwa pembe, ilikuwa na wakala wake hadi Tabora katika miaka ya 1880. Wapagazi waliokufa njiani chini ya mizigo ile ni sehemu ya gharama ambayo vitabu vya tiba haviitaji, nami sioni sababu ya kuiruka.

Turudi kwenye vishimo. Madaktari waligawanyika kuhusu chanzo chake. Upande mmoja ulisema ni kazi ya kemia tu: tishu zilizochokozwa hutoa tindikali, nayo huyeyusha chokaa ya pembe. Upande wa pili ulisema kuna kitu hai kinachokula. Mwaka 1873 Albert Kölliker wa Chuo Kikuu cha Würzburg alichapisha uchunguzi wake juu ya seli kubwa zenye viini vingi zinazoonekana mahali mfupa unapoliwa, akazipa jina linalotumika hadi leo, osteoklasti. Hoja yake ilikuwa na nguvu, kwani seli hizo zilikutwa zimekaa ndani ya vishimo vyenyewe. Hata hivyo upande wa tindikali haukukosea kabisa. Sasa tunajua kwamba osteoklasti hujibana juu ya mfupa, humwaga asidi ya hidrokloriki katika nafasi ndogo iliyozibwa, kisha hutoa vimeng'enya vya kusaga nyuzi za protini zilizobaki. Kwa hiyo seli ndiye mlaji, na tindikali ni meno yake. Pembe, iliyoumbwa kwa chokaa na protini karibu sawa na mfupa, ililiwa kama mfupa.

Aliyelipeleka jambo hili mbali kuliko wote alikuwa Themistocles Gluck, mpasuaji wa Berlin aliyezaliwa Iași, katika Romania ya leo. Tarehe 20 Mei 1890 aliondoa goti lililoharibiwa na kifua kikuu cha mifupa na kuweka goti lililochongwa kwa pembe ya ndovu. Katika miezi iliyofuata alibadilisha viungo vingine pia. Mwaka huohuo Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, na pembe zilizopakiwa katika mwambao huu, pamoja na zile za bandari nyingine za Afrika, ndizo zilizolisha soko la wachongaji wa Ujerumani. Matokeo ya Gluck yalianza vizuri yakaishia vibaya. Wengine wamelaumu pembe yenyewe kwamba ililiwa. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba aliweka kitu kigeni ndani ya viungo vilivyokuwa tayari na maambukizi ya kifua kikuu, wakati ambapo dawa ya ugonjwa huo haikuwepo. Usaha ulirudi, na vifaa vikalazimika kutolewa.

Mtu mmoja wa Bagamoyo anastahili kutajwa hapa, ijapokuwa hakuwa mganga. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia aliyezaliwa mwaka 1851, alitajirika kwa kuitayarishia misafara bidhaa na wapagazi. Kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa sehemu ya mali yake kwa ajili ya shule na hospitali, na Hospitali ya Sewa Haji ya Dar es Salaam ndiyo chimbuko la Muhimbili. Jengo mojawapo la Muhimbili linaitwa Sewahaji mpaka leo. Fedha za njia ya pembe, kwa hiyo, zilifika kwenye matibabu ya mifupa ya Watanzania mapema kuliko elimu iliyotokana na pembe hizo.

Wakati huohuo vitu vingine vinavyoyeyuka vilikuwa vikijaribiwa. Joseph Lister, aliyeleta matumizi ya kaboliki katika upasuaji, aliufanyia majaribio uzi wa utumbo wa kondoo mwishoni mwa miaka ya 1860 na kuonyesha kwamba, ukisafishwa, mwili huuondoa wenyewe bila usaha. Mwaka 1892 Heinrich Dreesmann, aliyefanya kazi Bonn, alieleza jinsi mashimo ya mfupa yalivyojazwa plasta, ileile inayofungia hogo kwa nje, na jinsi mfupa mpya ulivyochukua nafasi yake. Uzi ulidumu katika matumizi. Plasta ilisahauliwa kwa muda, kisha ikarudi. Lakini uzi haubebi uzito, na plasta ndani ya mfupa huvunjika upesi, hivyo tatizo la kifaa chenye nguvu lilibaki palepale.

Nguvu zilitafutwa kwenye chuma. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, William Arbuthnot Lane wa London aliunga mifupa kwa skrubu na mabamba ya chuma. Chuma cha wakati ule kilipata kutu mwilini na mara nyingi kililazimika kutolewa. Albin Lambotte wa Ubelgiji, aliyekuwa na mikono ya seremala na kujitengenezea vifaa vingi mwenyewe, akafikiri kinyume: ikiwa chuma kitaliwa tu, kwa nini tusichague chuma ambacho kuliwa kwake hakuna madhara? Chaguo lake lilikuwa magnesi, metali nyepesi ambayo mwili unayo tayari, na zaidi ya nusu yake iko katika mifupa.

Mwaka 1907 Lambotte alimwekea kijana wa miaka 17, aliyevunjika mguu chini ya goti, bamba la magnesi lililokazwa kwa misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Baada ya siku nane tu bamba lilikuwa limesambaratika, na chini ya ngozi kulikuwa na gesi nyingi. Kushindwa huku kulikuwa na sababu mbili tofauti, na kuzitenganisha kulichukua muda mrefu.

Sababu ya kwanza ni tabia ya magnesi yenyewe. Ikikutana na maji hutoa haidrojeni na kubaki haidroksidi, unga mweupe unaoweza kuifunika na kuikinga. Katika maji matupu kinga hiyo husaidia. Katika damu na majimaji ya mwili, yenye chumvi, chembe za klorini huiharibu kinga na kazi ya kuliwa huendelea. Gramu moja ya magnesi hutoa karibu lita moja ya haidrojeni. Gesi hiyo ikitolewa kwa mwaka mzima, damu huichukua na mapafu huitoa bila mtu kuhisi. Ikitolewa kwa wiki moja, hujaa chini ya ngozi. Sababu ya pili ilikuwa kosa la mpangilio. Metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya majimaji ya chumvi hufanya betri, na ile iliyo dhaifu huliwa kwa kasi kubwa. Misumari ya Lambotte ililila bamba lake. Jambo hili lilielezwa kwa ukamilifu mwaka 1937, Venable na Stuck wa Texas walipoonyesha jinsi umeme mdogo unaotokana na metali mchanganyiko unavyoharibu mfupa na vifaa.

Lambotte hakukata tamaa. Pamoja na msaidizi wake Jean Verbrugge alirudi kwenye magnesi peke yake, bila chuma kingine, na akaitumia hasa kwa watoto waliovunjika juu ya kiwiko. Hapo mambo yalikwenda vizuri: mifupa iliunga, misumari ikapotea, na uvimbe wa gesi ukaisha wenyewe. Taarifa yake ilitoka mwaka 1932. Mwaka 1938 Earl McBride wa Oklahoma alichapisha matokeo yake ya skrubu na mabamba ya magnesi. Ukiisoma historia hadi hapo utadhani ushindi umekaribia, lakini katika miaka iliyofuata magnesi ilitoweka karibu kabisa katika vyumba vya upasuaji wa mifupa.

Wanahistoria wa tiba hutoa maelezo matatu. La kwanza ni gesi na kasi ya kuliwa, ambayo hakuna aliyeweza kuitabiri. La pili ni uchafu katika metali: mwaka 1942 wataalamu wa madini nchini Marekani walionyesha kwamba kiasi kidogo mno cha chuma, nikeli au shaba ndani ya magnesi huongeza kasi ya kuliwa maradufu na zaidi, na magnesi iliyotumiwa na wapasuaji wa awali haikuwa safi. La tatu ni kwamba mshindani alifika. Katika miaka ya 1930 zilipatikana aloi za chuma kisichopata kutu na za kobalti ambazo hukaa mwilini kwa miaka bila kuharibika. Naona maelezo ya tatu yana uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa wapasuaji huvumilia kifaa chenye kasoro pale tu wanapokosa kilicho bora. Walipopata chuma kinachotulia, haja ya kinachoyeyuka ilipungua, na tatizo la upasuaji wa pili likaachiwa mgonjwa.

Haja hiyo iliamshwa tena na uzi. Mnamo 1970 uzi wa kwanza wa kushonea wa sanisi unaoyeyuka mwilini uliingia sokoni, ukiwa umetokana na asidi ya glikoliki. Mama yeyote aliyeshonwa baada ya kujifungua katika kituo cha afya na kuambiwa asirudi kutolewa nyuzi huenda amekutana na matunda ya elimu hiyo. Wakati huo Kulkarni na wenzake katika jeshi la Marekani walikuwa wamekwisha kuchapisha, mwaka 1966, majaribio ya wanyama kwa plastiki itokanayo na asidi ya laktiki, asidi ileile inayopatikana katika maziwa yaliyochacha na katika misuli iliyochoka.

Namna plastiki hizi zinavyovunjika ni tofauti kabisa na pembe na magnesi. Hazihitaji seli ya kuzila wala chumvi ya kuzichubua. Zimejengwa kwa minyororo mirefu ya molekuli, na maji ya mwili hupenya ndani yake na kukata minyororo hiyo kiungo kwa kiungo. Mwanzoni hakuna kinachoonekana: kifaa kina umbo na uzito uleule, lakini nguvu zake zinapungua kwa sababu minyororo inazidi kuwa mifupi. Baadaye vipande huwa vidogo kiasi cha kuyeyuka, seli huvichukua, na mwili huvigeuza kuwa kaboni dioksidi na maji. Nguvu hutangulia kuondoka, na uzito hufuata nyuma sana. Kuna jambo moja zaidi, lililofafanuliwa na watafiti wa Montpellier, Ufaransa, kuelekea miaka ya 1990: asidi inayotokea katikati ya kifaa kinene haipati njia ya kutoka, hivyo huharakisha uharibifu wa ndani, na kifaa huwa kama nguzo iliyoliwa na mchwa, ambayo ganda lake ni zima na kiini chake kimekwisha.

Waliothubutu kuzitumia kwa mifupa ya binadamu kwa mpango ni Wafini. Mhandisi Pertti Törmälä wa Tampere alibuni njia ya kuimarisha plastiki kwa nyuzi za plastiki hiyohiyo, na mpasuaji Pentti Rokkanen wa Helsinki akaanza kuzitumia mwaka 1984 kwa wagonjwa waliovunjika kifundo cha mguu. Vifundo viliunga. Hakukuwa na haja ya kurudi kutolewa chuma, na kwa muda ilionekana kwamba tatizo limemalizika.

Kisha wagonjwa walianza kurudi. Kwa wale waliowekewa vifaa vya asidi ya glikoliki, yapata wiki ya 11 baada ya upasuaji, wakati mfupa umekwisha kushika, ngozi ilivimba na kufungua kitundu kinachotoa majimaji yanayofanana na usaha, lakini maabara haikupata kijidudu chochote. Ole Böstman wa Helsinki aliwafuatilia wagonjwa zaidi ya 2,500 na kueleza mwaka 2000 kwamba karibu 5 katika kila 100 waliowekewa aina hiyo walipata tatizo hilo. Sababu ilikuwa kasi: kifaa kilivunjika haraka kuliko uwezo wa mwili kuondoa mabaki. Wengi walipona, lakini uvimbe uliohitaji kupasuliwa ulikuwa umeondoa faida iliyokusudiwa.

Jibu la haraka lilikuwa kutumia plastiki ya asidi ya laktiki, ambayo huvunjika polepole. Matatizo ya mapema yalipungua sana. Lakini huko Groningen, Uholanzi, wagonjwa waliounganishwa mifupa ya mashavu kwa mabamba ya aina hiyo walirudi baada ya miaka mitatu na zaidi wakiwa na uvimbe usoni, na ndani yake wapasuaji walikuta vijichembe vigumu vya plastiki ambavyo mwili ulikuwa haujavimaliza. Taarifa hizo zilitolewa kati ya 1993 na 1995. Aina ya kwanza ilikuwa imeponzwa na haraka, na hii ya pili ikaponzwa na uzito wake wa kuondoka. Viwanda vilijifunza kuchanganya aina mbili ili kupata kasi ya kati, vikaongeza chembe za chokaa na fosfati zinazopunguza ukali wa asidi, na skrubu za namna hiyo zikapata kazi yao maalumu hasa katika kufunga kano za goti na bega, ambako uzito si mkubwa.

Tanzania kwa upande wake ilikuwa ikijenga msingi ambao bila huo kifaa chochote, kiyeyukacho au kisichoyeyuka, hakina maana. Mwaka 1956 hospitali mpya ilifunguliwa Muhimbili kuchukua nafasi ya Sewa Haji. Mwaka 1996 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha MOI. Mwaka 1999 daktari wa Marekani Lewis Zirkle alianzisha shirika la SIGN, linalotoa misumari ya chuma kwa hospitali za nchi zenye kipato kidogo. Msumari wake unaweza kukazwa ndani ya mfupa wa paja au muundi bila mashine ya eksirei chumbani, kwa kutumia kielekezi cha nje kinachoonyesha mahali pa kutobolea. MOI ni miongoni mwa hospitali zilizoutumia sana. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapo juu ya miundi iliyovunjika na kutokeza nje ya ngozi, ukilinganisha msumari wa ndani na vyuma vya nje, vile ambavyo mtaani huitwa antena. Kwa vifo na upasuaji wa kurudiwa hakukuwa na tofauti kubwa kati ya njia hizo mbili, ingawa waliowekewa msumari walikuwa na hali bora katika miezi ya mwanzo na miguu iliyonyooka zaidi. Utafiti huo haukuhusu vifaa vya kuyeyuka, lakini unatuonyesha tatizo lenyewe la Dar es Salaam: vidonda vichafu vya barabarani na mifupa mirefu inayobeba uzito wote wa mwili.

Katika kipindi hichohicho magnesi ilirudi, safari hii ikiwa safi na imechanganywa kwa vipimo. Mwaka 2005 Frank Witte na wenzake nchini Ujerumani walionyesha katika wanyama kwamba aloi za magnesi huliwa ndani ya mfupa huku mfupa mpya ukiota kuzizunguka. Mwaka 2013 skrubu ya magnesi iliyotengenezwa Hannover iliruhusiwa Ulaya, na katika jaribio la mwanzo ilitumika kunyoosha kidole gumba cha mguu kilichopinda. Korea Kusini iliidhinisha skrubu yake mwaka 2015, na mwaka uliofuata yakachapishwa matokeo ya wagonjwa 53 wa mifupa ya mkono, ambao eksirei zao zilionyesha mfupa ukichukua nafasi ya skrubu ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2023 Marekani iliruhusu skrubu ya magnesi ya kampuni ya Kifini kwa ajili ya kifundo cha mguu. Magnesi ina faida nyingine juu ya chuma: ugumu wake uko karibu na wa mfupa, ilhali chuma ni kigumu yapata mara kumi, hubeba mzigo ambao mfupa ungeubeba, na mfupa usiofanya kazi hukonda.

Je, vifaa hivi vinamfaa nani huko Lugoba? Kijana wa bodaboda aliyevunjika paja au muundi havimfai. Hakuna kifaa kiyeyukacho kilichothibitishwa kubeba uzito huo kwa miezi inayohitajika, na msumari wa chuma, ambao mara nyingi unaweza kuachwa mwilini bila madhara, ndio tiba sahihi kwake. Mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko baada ya kuanguka mwembeni naye hapungukiwi sana kwa kuvikosa: pini nyembamba za chuma huachwa zikitokeza nje ya ngozi na kuvutwa kliniki baada ya wiki chache, bila kumrudisha chumba cha upasuaji, na kwa gharama ndogo. Faida ya kweli ipo katikati ya hao wawili, kwa mifupa midogo ya kiganja, ya unyayo na ya kifundo, na kwa watoto ambao chuma kilichozikwa karibu na sehemu ya kukulia kingelazimu kutolewa. Kwao nauli na upasuaji wa pili ni hesabu inayopaswa kuwekwa mezani pamoja na bei ya skrubu, na wanaoagiza vifaa vya hospitali za umma wangefanya vema kuilinganisha kwa namna hiyo badala ya kutazama bei ya dukani peke yake.

Nawe msomaji, ukiwekewa kifaa chochote mfupani, au mwanao akiwekewa, omba jina la kifaa hicho na kitu kilichotengenezewa viandikwe kwenye kadi ya hospitali, kisha kadi hiyo uitunze. Uvimbe wa plastiki ya asidi ya laktiki unaweza kutokea miaka mitatu au minne baadaye, na daktari asiyejua kilichomo ndani ataudhania maambukizi au saratani.